Fimbo nzito ya popa kwa kolekole wakubwa: PE8, PE10 au ya vipande vitatu?

Bwiru_Ziwani
Wakuu, tupo wanne hapa Mwanza, Januari tunakwenda Mafia wakati wa kaskazi kuvua kolekole wakubwa kwa popa (chambo bandia kinachoelea na kurusha maji kikivutwa). Tumezoea fimbo za sangara: futi 7, uzi PE4 (PE ni kipimo cha unene wa uzi wa kusuka), chambo bandia cha gramu 40 hadi 80. Nimebakiza tatu:

1. Futi 7 inchi 10, PE8, gramu 80–160, kitako kinachomoka.
2. Futi 8 inchi 2, PE10, gramu 120–220, kitako kinachomoka.
3. Ya safari, vipande vitatu, PE6, gramu 60–120.

Rili (ya kukunjia uzi) ni Shimano Stella 18000. Ipi inafaa? Na kuna itakayotumika kwa sangara tukirudi?

Kayenze Kwetu
Namba 1, mkuu. Angalia uzito wa popa kabla ya namba ya uzi. Popa ya gramu 120 haitoshi kuipinda fimbo ya PE10, kwa hiyo unarusha kwa nguvu za bega peke yake: masafa yanapungua na bega linaisha mapema. Namba 1 itapinda vizuri ukiwa na gramu 110 hadi 140, na popa nyingi za kolekole ziko humo humo. Halafu kumbuka kila mvuto popa inabeba maji mdomoni, na unaivuta hivyo mchana kutwa.

Mwaloni_K
Naheshimu hilo, lakini namba 2 msiitupe. Jodari hukimbilia maji mengi, unaweza kumwachia uzi. Kolekole akishika hurudi kwenye matumbawe, na sekunde za mwanzo ndizo zinazoamua. Penye mwamba mkali ambapo boti haiwezi kumvuta nje, PE10 yenye breki ya rili (inayozuia uzi usitoke) ya kilo 13 au 14 ina kazi yake.

Kayenze Kwetu
Sawa, ila breki hiyo lazima mtu aweze kuishika. Pimeni kabla ya kununua: funga uzi kwenye mzani wa ndoana, mzani ufungwe kwenye mti, mvuaji asimame ameinamisha fimbo mbele, avute mpaka breki iachie. Usomeni. Wengi huanza kuyumba kabla ya kilo 10, tena kwenye nchi kavu. PE8 yenye nguvu ya paundi 80 hadi 90 inastahimili breki ya kilo 10 hadi 12 bila wasiwasi. Mvuaji aliyezidiwa huinua fimbo juu ili ajipunguzie mzigo, na hapo ndipo fimbo za kaboni zinapovunjika: mzigo wote unahamia kwenye ncha nyembamba badala ya kitako. Pembe ya fimbo isivuke digrii 45, hasa samaki akiwa chini ya boti.

Fundi wa Rili
Niongezee ukaguzi, dukani au kwa mtu. Pitisha pamba ndani ya kila pete, mzunguko mzima. Nyuzi za pamba zikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakata uzi wa kusuka wakati wa kurusha. Kisha kaza kiungo cha kitako, shika pande zote mbili ujaribu kuzungusha: kisicheze hata kidogo. Kiti cha rili kiwe cha chuma, na nati ya pili ya kufungia iwepo.

Lida, yaani uzi mnene kati ya uzi wa kusuka na popa: nailoni ya paundi 150 hadi 170, mita 1.5 hadi 2, iungwe kwa fundo jembamba la FG. Fundo nene linagonga pete na popa inakatika hewani.

Bwiru_Ziwani
Na usafiri? Namba 1 kipande kirefu ni kama sentimita 180.

Mwaloni_K
Bomba la PVC la inchi 4 kutoka duka la vifaa vya ujenzi, mifuniko pande zote, taulo ndani. Ndege za Dar–Mafia ni ndogo, ulizeni urefu wa mzigo kabla ya kukata tiketi. Mkipita Nyamisati kwa boti hadi Kilindoni, urefu si tatizo. Mkiingia eneo la Hifadhi ya Bahari, kibali kiwe mkononi.

Kayenze Kwetu
Kuhusu sangara: 1 na 2 hapana, chambo cha gramu 60 hazikisikii. Namba 3 ndiyo ya ziwani, na Mafia iwe ya akiba kwa jodari wadogo. Mkiwa wanne, chukueni namba 1 tatu na namba 3 moja.

Fanyeni mazoezi hapo ziwani Igombe kwa popa isiyo na ndoana, glavu kwenye kidole cha shahada. Waya wa rili unaopokea uzi urudisheni kwa mkono kila mnapomaliza kurusha.

Fundi wa Rili
Na la mwisho, kwa kuwa ziwani hatuna mazoea nalo: chumvi. Kila jioni kaza breki kwanza ili maji yasiingie kwenye visahani vyake, mwagia rili na pete maji yasiyo na chumvi taratibu, usitumie presha, inasukuma chumvi ndani. Futa, halafu legeza breki. Kitako kitoeni kilale nje ya fimbo, kikikauka ndani hakitachomoka asubuhi.