Tupeane uzoefu: wapi uliona pesa ya serikali ikipotea, halafu ukailipia wewe sokoni na kwenye LUKU?

Mpangaji wa Kimara:
Wakuu, habari za Jumapili. Asubuhi nimenunua umeme, wakakata 1,500 ya kodi ya jengo. Nyumba si yangu, nina chumba na sebule tu. Kodi hii ilipoanza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021 ilikuwa 1,000 kwa mwezi, Julai 2023 ikapanda. Sasa nasubiri tokeni iingie, nageuka naona gari la serikali limeegeshwa mbele ya baa. Injini inanguruma, dereva kalala ndani na kiyoyozi. Nimerudi saa moja baadaye kununua mkate, bado linanguruma. Roho imeniuma. Tuandike tulichoshuhudia wenyewe, si cha kusikia.

Fundi Cherehani:
Umenigusa. Nalipia kodi ya jengo la mtu tangu siku ya kwanza. Mwenye nyumba nikimwambia apunguze kwenye pango ananiambia nihame.

Dereva Mstaafu:
Huyo aliyelala ndani ya gari msimlaumu, ameambiwa asubiri. Mimi nimeendesha magari hayo mpaka nastaafu, nawaeleza kinachoendelea. Bosi ana kikao Dodoma, anapanda ndege ya asubuhi. Sisi tunatoka Dar usiku na V8 tupu, kilomita mia nne na ushee, ili akitua atukute uwanjani. Kikao kinaisha mchana, anarudi kwa ndege, na sisi tunarudi tupu. Hapo kuna mafuta, matairi, sevisi, posho ya dereva kulala. Siku nyingine tunafika Gairo simu inaita: kikao kimeahirishwa, geuza. Treni ya SGR ilipofika Dodoma 2024 nilifurahi, nikajua sasa basi. Vijana niliowaacha kazini wananiambia bosi anashuka kwenye treni, gari limeshatangulia linamsubiri stesheni.

Mama Genge:
Na hayo mafuta yao yanatokana na sisi. Tenga la nyanya likitoka Ilula mpaka Ilala, fuso imelipa dizeli, na ndani ya kila lita kuna tozo na kodi. Dereva wa fuso hali hasara, anamwekea dalali, dalali ananiwekea mimi, mimi namwekea mteja. Mteja ananiambia mama umekuwa mwizi siku hizi, fungu limepungua nyanya moja. Sijapunguza kwa kupenda.

Kijana wa Uchumi:
Tusichanganye mambo. Petroli ilipofika 3,410 Dar Agosti 2022 ilikuwa vita ya Ukraine na bei za dunia. Hata nchi zisizo na V8 ziliumia.

Mama Genge:
Mwanangu, mimi sijasema vita haikuwepo.

Konda Mstaarabu:
Kijana, vita ilipandisha, hilo kweli, na serikali ilitoa ruzuku ya bilioni 100 mwezi Juni 2022, bei ya mafuta ikapumua kidogo. Lakini Julai 2021, vita haijaanza, waliongeza 100 kwa kila lita. Julai 2023 wakaongeza 100 nyingine. Hizo hazikutoka Ukraine, zilipitishwa Dodoma. Tuliambiwa ni za barabara za vijijini na miradi. Sipingi barabara. Ninachotaka kila mia ikifika kwenye barabara, isiishie kwenye tenki la gari lililolala mbele ya baa.

Chuma cha Zamani:
Ndiyo maana tunamkumbuka JPM, Rais Magufuli. Desemba 2015 alifuta sherehe za Uhuru, bilioni 4 zikaenda kupanua barabara ya Morocco mpaka Mwenge. Safari za nje alizifunga.

Binti Tabora:
Na Mama Samia 2022 amefuta sherehe hizohizo, milioni 960 zikaenda kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Sherehe ni siku moja tu. Ndege zilizoanza kununuliwa enzi hizo unazosifu, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kaandika hasara ya shirika letu la ndege ATCL bilioni 35 mwaka 2021/22, mwaka uliofuata ikapita bilioni 56. Hiyo nayo isemwe.

Chuma cha Zamani:
Ndege ni mali ya taifa, zinaleta watalii. Huwezi kulinganisha na posho.

Binti Tabora:
Kaka, jibu hasara. Ni nani anaiziba hiyo hasara kama si sisi?

Chuma cha Zamani:
Wewe una ajenda yako.

Mzabuni wa Nyanda za Juu:
Wanangu, acheni ugomvi kidogo mnisikilize, maana mimi nimeona pesa inavyopotea bila hata mtu kuiba.

Nilipata zabuni ya kulisha shule ya sekondari ya bweni ya serikali: mahindi, maharage, mafuta ya kula, chumvi. Chakula cha mwanafunzi wa bweni kilikuwa kinahesabiwa 1,500 kwa siku, faida yangu ilikuwa nyembamba, ila nikasema mteja ni serikali, hawezi kunikimbia. Muhula wa kwanza wakalipa nusu. Wa pili hawakulipa. Mkuu wa shule ananipigia usiku: mama, kesho watoto hawana uji. Ningefanyaje? Nikachukua mkopo benki kwa hati ya nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu, nikapeleka magunia.

Kisha ukaja uhakiki wa madeni. Timu imetoka juu, magari matatu, wamelala hotelini. Nikabeba faili: LPO za kuagiza mzigo, ankara, hati za mapokezi zenye sahihi ya mtunza stoo. Wakagonga mihuri, wakaondoka na nakala halisi, wakasema nisubiri. Mwaka uliofuata ikaja timu nyingine kuhakiki yaleyale. Mtunza stoo kashahamishwa, wakasema hati zangu mbili hazisomeki. Ya tatu ikaomba nakala halisi, zile zilizochukuliwa na timu ya kwanza. Nimekaa kwenye benchi na mama mmoja aliyekuwa anaiuzia shule kuni, tunayatazama magari yao uani. Yeye alikuwa anadai kidogo sana. Mafuta ya gari moja kutoka walikotoka yangemlipa yeye na kubaki.

Benki yenyewe haina uhakiki, inahesabu riba kila mwezi. Wakaja kubandika tangazo la mnada mlangoni. Mimi macho hayaoni vizuri, mjukuu wangu wa darasa la tatu akanisomea kwa sauti, silabi kwa silabi, jina langu, namba ya kiwanja, mpaka mwisho. Alikuwa anafurahi kwamba ameweza kusoma yote. Sitaisahau siku hiyo. Ndugu wakachanga tukaiokoa nyumba, lakini shamba la bondeni limeuzwa. Deni mpaka leo sijalipwa.

Fundi Cherehani:
Mungu wangu. Pole sana mama.

Dereva Mstaafu:
Pole mama. Timu hizo nimeziendesha. Mafuta ya kwenda kuhakiki hayakosekani hata siku moja, pesa ya kulipa deni ndiyo inasubiri bajeti.

Mjasiriamali Mwanza:
Ushauri wangu ni mmoja: usifanye biashara na serikali. Uza hata karanga barabarani.

Fundi Aluminiamu:
Sikubali. Serikali ndiyo mteja mkubwa nchi hii, tukimkimbia tutauza kwa nani? Dawa ni kuweka bei ya kusubiri. Mimi dirisha la laki mbili, nikiomba kazi kupitia NeST, mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, naandika laki mbili na themanini. Hizo themanini ni za kuchelewa.

Mpangaji wa Kimara:
Fundi, hapo ndipo tunapoumizana. Themanini yako inatoka wapi? Inatoka kwenye LUKU yangu na lita ya yule wa fuso. Serikali ingelipa kwa wakati, dirisha lingekuwa laki mbili.

Fundi Aluminiamu:
Sasa unataka nisomewe tangazo la mnada kama mama hapo juu? Mimi nina watoto. Walipe kwa siku thelathini, nitaandika laki mbili kesho asubuhi.

Mama Genge:
Fundi yuko sahihi na Kimara yuko sahihi. Mwenye kosa hayupo hapa.

Wa Likoni:
Salamu kutoka Mombasa. Huku Julai 2023 VAT ya mafuta ilitolewa asilimia 8 ikawekwa 16, Septemba petroli ikavuka mia mbili. Bado asilimia 1.5 ya mshahara inakatwa ya mradi wa nyumba wa serikali. Na wenye kudai serikali za kaunti ni hayohayo, watu wamekufa wakidai. Tulipotoka barabarani kuandamana Juni 2024 wengine walidhani ni kodi ya mkate peke yake. Tulikuwa tunatazama misafara na marekebisho ya ofisi za wakubwa, huku tukiambiwa tujifunge mkanda.

Binti Tabora:
Mama mzabuni, shule bado unapeleka chakula?

Mzabuni wa Nyanda za Juu:
Hapana mwanangu. Nauza mahindi kwa pesa mkononi. Mkuu mpya kanipigia wiki hii, watoto wanafungua Jumatatu, anaomba maharage tu, atalipa fungu likishuka.

Mjasiriamali Mwanza:
Usipeleke hata kisado.

Chuma cha Zamani:
Apeleke kidogo jamani, watoto wamekosa nini? Mimi nachangia gunia moja, anielekeze pa kutuma.

Binti Tabora:
Hapo tumekubaliana kaka. Na mimi nipo.

Mhasibu wa Zamani:
Nimechelewa, ila mama nisikilize. Timu ikija tena usitoe nakala halisi kwa mtu yeyote. Toa nakala kivuli, wagonge muhuri wa kupokea na tarehe kwenye kivuli chako. Mtafute yule mtunza stoo alikohamishiwa, aandike barua kwamba sahihi ni yake, apitishie kwa mwajiri wake. Bila barua hiyo watakuweka tena kwenye deni lisilo na vielelezo, na mwaka wa fedha utafungwa haumo kwenye orodha. Na yule mama wa kuni umwambie afanye hivyohivyo, madeni madogo ndiyo yanayosahaulika kwanza.