Naombeni ushauri: Mkuu wa shule anataka ukurasa mzima wa gazeti la wanafunzi utolewe

Patroni_Tabora
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili kwenye sekondari ya bweni hapa Tabora. Nina darasa la gazeti, vijana wa kidato cha tatu na cha tano, tunakutana Jumatano baada ya vipindi. Tulianza na gazeti la ukutani, sasa tunachapa karatasi ya A3 iliyokunjwa, kurasa nne. Nimewazoesha maswali ya nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi, na kuhakiki jina kabla halijaandikwa. Toleo hili ni la mahafali ya mwezi huu wa nne, wazazi watalisoma. Mkuu wa shule kalipitia, kaagiza ukurasa wa tatu utoke wote. Ni habari ya chakula tu. Nikiutoa, nitakuwa nimewafundisha nini hawa watoto? Nisipoutoa, nimemkaidi bosi. Usingizi hauji. Nifanyeje?

Mnyamwezi_Asilia
Mwalimu, linda kitumbua chako. Barua ya uhamisho haichelewi. Weka mashairi ya kuwaaga wahitimu, maisha yaendelee.

Mama_Ipuli
Mimi mtoto wangu yuko bweni, kwa hiyo naomba tukae hapohapo kwenye chakula. Enzi zetu maharage yalikuwa na wadudu, tukawa tunakula gizani tusiwaone. Hakuna aliyeandika, na hakuna kilichobadilika mpaka namaliza. Waacheni watoto waandike.

Reli_ya_Kati
Mnasahau mji mnaouzungumzia. Nyerere alisoma Tabora, akafundisha St. Mary's. Januari 1958 TANU ilikutana hapahapa kuamua kuingia uchaguzi wa kura tatu, ule wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mwaka huohuo alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya maandishi yaliyowagusa maofisa wa wilaya wa kikoloni katika Sauti ya TANU, jarida la chama, akatozwa faini. Aliyeandika alisimama kizimbani kwa jina lake. Hao watoto wakiulizwa, atasimama nani?

Kibirizi_Pwani
Nipo Kigoma, nimewahi kuwa patroni wa klabu kama hiyo. Mleta mada, "habari ya chakula tu" haimfanyi mkuu wa shule afute ukurasa mzima. Imesemaje? Katajwa nani?

Patroni_Tabora
Sawa. Wamelinganisha magunia ya maharage yaliyoandikwa kwenye leja ya stoo na yaliyofika jikoni. Hayalingani. Leja waliionyeshwa, hawakuiba. Jina la mtu halimo, wameandika "mwalimu wa stoo".

Kibirizi_Pwani
Shule nzima ina mwalimu wa stoo mmoja. Hilo ni jina. Aliulizwa? Halafu ndugu yangu, wewe na yeye mna nini?

Patroni_Tabora
Hakuulizwa, watoto walimwogopa. Na kwa kuwa unanibana: nafasi ya makamu mkuu wa shule iko wazi, tumependekezwa mimi na yeye. Lakini mada sikuichagua mimi, waliichagua wao kwenye kikao na mhariri wao akaigawa. Hesabu ni hesabu, haijui nani anataka cheo. Na kazi iko kwa mtu wa fotokopi tangu jana, nimeshalipa nusu.

Mnyamwezi_Asilia
Kumbe! Hapa kuna kampeni, siyo gazeti.

Dada_Wakili
Kuna kesi ya Marekani inayofanana na hii, Hazelwood. Mwaka 1983 mkuu wa shule huko Missouri aliondoa kurasa mbili za gazeti la darasa la uandishi. Moja ya sababu zake: mzazi aliyelalamikiwa kwenye habari ya talaka hakupewa nafasi ya kujibu. Nyingine: wasichana wajawazito walipewa majina ya bandia, lakini wangeweza kutambulika. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliipa shule ushindi, majaji 5 kwa 3. Sheria yao si yetu, na binafsi naona mkuu yule alivuka mpaka kwa kufuta habari nyingine zilizokuwa kwenye kurasa hizo. Ila swali lake la msingi linakuhusu: aliyetuhumiwa amesikilizwa?

Asali_Mbichi
Hii chai. Mahafali mwezi wa nne? Kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba. Na kwenye ratiba ya sekondari hakuna somo la gazeti. Huyu siyo mwalimu, huyu ndiye mhariri wa kidato cha tano, simu kaificha chini ya godoro.

Patroni_Tabora
Mahafali ya kidato cha sita, wanafanya mtihani Mei. Nimesema tunakutana baada ya vipindi, ni klabu, sisi tunaiita darasa. Nina watoto nyumbani, sina godoro la bweni.

Mnyamwezi_Asilia
Mwalimu anayeandika "wakuu" bila kosa hata moja la herufi? Nami naanza kutia shaka.

Kibirizi_Pwani
Akiwa mwanafunzi, inatuhusu zaidi, maana viboko ni vyake. Akiwa mwalimu, ajitoe kwenye uhariri wa ukurasa huo, mwenzake asiyetaka cheo ausimamie. Watoto wasigeuzwe fimbo ya kupigania kiti cha watu wazima. Na mwandishi asiweke jina lake, gazeti zima libebe.

Patroni_Tabora
Kujitoa kunaniuma, maana hao watoto niliwaanza mimi. Lakini kuhusu kumuuliza mwenzangu nimekubali. Nimempigia mtu wa fotokopi asubiri. Mwalimu wa Historia atawasindikiza mhariri na mwandishi wakaulize, akijibu majibu yake yanaingia palepale kwenye habari, kwa maneno yake. Kisha tunampelekea mkuu ukurasa upya. Kuutoa, siutoi.

Asali_Mbichi
Basi piga picha huo ukurasa tuuone.

Dada_Wakili
Usithubutu. Haujachapwa, na una kazi za watoto.

Mama_Ipuli
Mnabishana yeye ni nani. Mwalimu au mwanafunzi, maharage ya wiki hii anayapima nani?