MREJESHO: Kamera ya USB isiyo na chapa kwenye Ubuntu, sasa inaonyesha

Wakuu, asanteni sana kwa kunisaidia na kamera yangu iliyokuwa haionyeshi picha. Amri ya lsusb (inayoorodhesha vifaa vya USB) iliiona, ila kila nikiifungua ilileta kosa la "No space left on device", yaani hapa nafasi kwenye njia ya USB haitoshi. Kuhamisha tundu la USB hakukusaidia. Kilichotibu ni ushauri wenu wa quirks (mipangilio ya draiva ya kufidia kasoro za kifaa): kuondoa uvcvideo, draiva ya kamera za USB, kisha kuirudisha ikiwa na quirk namba 128:

sudo rmmod uvcvideo
sudo modprobe uvcvideo quirks=128

Hapo draiva inakokotoa yenyewe kiasi cha njia ya USB kinachohitajika, badala ya kuamini kamera inayodai kupita kiasi. Ili idumu, nimeandika options uvcvideo quirks=128 ndani ya /etc/modprobe.d/uvcvideo.conf.

YUYV (picha zisizobanwa) ya 640x480 inakwenda vizuri kabisa. MJPG (picha zilizobanwa) bado inagoma kwa kosa lilelile, maana quirk hii inagusa picha zisizobanwa tu. Kwa vikao vya mtandaoni inanitosha. Mkuu uliyeleta wazo la 128, Mungu akubariki.