Amplifaya inajizima nikipandisha sauti: sabufa mbili zenye koili mbilimbili niziunge vipi?

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa muziki wa gari. Nina Toyota IST, na mwezi uliopita niliinunulia sabufa mbili za inchi 12 pale Kariakoo, kila moja ikiwa na koili mbili (nyaya za ndani zinazosukuma koni) za omu 4, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, na uwezo wa wati 300 RMS, yaani nguvu ya kudumu, pamoja na amplifaya ya chaneli moja ambayo karatasi yake inasema wati 300 kwa omu 4 na wati 500 kwa omu 2. Fundi aliunganisha chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, akaniambia kwamba hapo ndipo nguvu yote inapotoka. Kwa sauti ya chini hakuna tatizo, lakini nikipandisha, baada ya wimbo mmoja au miwili taa nyekundu inawaka, besi inakatika, na amplifaya inakuwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika. Fundi anadai betri imechoka, ninunue kubwa zaidi. Kabla sijatoa hela, je, ni betri kweli?

Jibu la 1
Mkuu, usimpuuze fundi moja kwa moja, kwani umeme hafifu nao huzima amplifaya. Washa injini, pandisha sauti, kisha pima volti pale nyaya za umeme zinapoingia kwenye amplifaya yenyewe. Zikibaki juu ya 13 besi inapopiga, betri haina kosa.

Jibu la 2
Kupima ni vizuri, ila jibu nadhani umelitoa mwenyewe. Koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kama alivyofanya fundi, zinakuwa omu 2. Sabufa ya pili vilevile, na hizo omu 2 mbili zikikutana sambamba unabaki na omu 1, wakati karatasi yako inaishia omu 2. Kadiri omu zinavyopungua ndivyo mkondo mkubwa zaidi unavyovutwa, transista zinachemka, na kinga inazima kila kitu kabla hazijaungua.

Tatizo ni kwamba sabufa mbili za aina hii, koili zote nne zikigawana mzigo sawasawa, zinakupa omu 1, 4 au 16, wala omu 2 huipati. Hilo lilipaswa kuangaliwa dukani. Kwa vifaa ulivyo navyo, unga koili za kila sabufa kwa mfuatano, yaani hasi ya koili ya kwanza iingie kwenye chanya ya koili ya pili kwa kipande kifupi cha waya, ili sabufa iwe omu 8. Kisha sabufa mbili ziungwe sambamba kwenye amplifaya, na mzigo utakuwa omu 4. Kila sabufa itapata wati 150. Usivunjike moyo, kwa sababu kushuka kutoka wati 500 hadi 300 ni tofauti ya desibeli 2 na kidogo tu, ambayo barabarani ni shida kuitambua.

Kabla ya kurudisha nyaya kwenye amplifaya, zipime kwa multimita. Ukisoma tatu na ushee uko sawa, maana kipimo hicho husoma chini kidogo ya omu zilizoandikwa.

Mleta mada
Asanteni sana. Volti ilikuwa 13.8. Muunganisho wa zamani ulisoma 0.9, na sasa unasoma 3.5. Nimesikiliza saa nzima bila taa kuwaka, na amplifaya ni vuguvugu tu. Lakini besi imekuwa nyembamba ajabu, hata nikichomoa sabufa moja inasikika nzito kuliko zikiwa mbili!

Jibu la 2
Hapo sabufa moja imegeuzwa chanya na hasi, hivyo moja inasukuma hewa huku nyingine inavuta. Chomoa nyaya kwenye amplifaya, chukua betri ya tochi ya volti 1.5, na uiguse kwa sekunde moja kwenye nyaya za kila sabufa, chanya kwa chanya. Koni inapaswa kutoka nje. Inayoingia ndani ndiyo yenye kosa.

Mleta mada
Ilikuwa ya kushoto. Nimeigeuza, na sasa kioo cha nyuma kinatetemeka.