Mrejesho: Kipimo cha kumbukumbu cha mama asiyeona vizuri

Wakuu, niliuliza kama mama, ambaye presha ya macho imemfifishia uoni, alipimwa kumbukumbu kwa haki alipopewa alama za chini kwenye MoCA, kipimo kifupi cha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Asanteni mlioniambia niombe toleo la wasioona. Halina kuchora saa wala mchemraba, kuunganisha namba na herufi, wala kutaja wanyama wa kwenye picha. Jumla ni alama 22 badala ya 30, na kuanzia 18 huhesabiwa kawaida. Mama kapata 19! Daktari alimpima masikio kwanza, maana maswali yote ni ya kusikiliza. Kati ya maneno matano aliyosomewa ayakumbuke baadaye, alikumbuka manne. Bado inaniuma: kwenye kile kipimo cha kwanza hakuiona picha ya faru, akaandikiwa hajui jina la mnyama huyo. Atapimwa tena baadaye kulinganisha.