Mjadala: Je, anayepinga hoja kwenye kundi la mtandaoni ajulikane kwa jina?

Ndugu wanajamvi, ninaleta suala linalozua ubishi katika makundi mengi ya hapa Dar es Salaam, yawe ya mtaa, ya wazazi wa shule au ya vikoba. Mtu anapopiga kura ya kupinga hoja mtandaoni, je, jina lake lionekane, na je, awajibike kueleza sababu? Msimamo wangu ni kwamba kura ibaki siri na isidaiwe maelezo yoyote, lakini ukosoaji wa maneno, pamoja na kila uamuzi wa kufuta ujumbe wa mtu, ubebe jina la mwenye nao na sababu iliyoandikwa.

Chukueni kundi la WhatsApp la wakazi wa mtaa mmoja huko Kimara, ambako ilipendekezwa mchango wa ulinzi shirikishi upande kutoka shilingi 2,000 hadi shilingi 5,000 kwa kila kaya kwa mwezi. Admini aliweka kura yenye majibu mawili, Ndiyo na Hapana. Wengi hawakujua kwamba kura za WhatsApp si za siri: ukigusa sehemu ya kutazama kura, unaona nani kachagua nini. Mpangaji mmoja, mama anayeuza chapati asubuhi, alichagua Hapana. Mwenye nyumba wake, ambaye ndiye aliyeleta pendekezo, aliliona jina lake. Jioni alipopita mlangoni kwa mama huyo hakugusia ulinzi hata kidogo. Aliuliza tu kodi ya miezi sita ijayo itakuwa tayari lini, ilhali muda uliolipiwa ulikuwa bado haujaisha. Usiku uleule kura ya Hapana ikahamia Ndiyo, kwa kuwa mfumo unaruhusu kubadili, na wapangaji wengine wawili wakafuata. Matokeo yakatangazwa kuwa wakazi wameafiki kwa kauli moja. Sioni ni maelezo gani ambayo mama yule angedaiwa na akayatoa kwa uhuru.

Wanaotaka kura ya wazi hawana hoja nyepesi. Wanasema kwamba barazani mtu humpinga mwenzake uso kwa uso, na kwamba anayejificha hupata ujasiri wa kuumiza ambao asingekuwa nao mbele za watu. Ninakubaliana nao kuhusu maneno, ila si kuhusu kura. Kuanzia 1965 hadi 1990 Watanzania walimpigia mgombea mmoja wa urais kura ya Ndiyo au Hapana, na karatasi ile haikuwa na nafasi ya kuandika sababu, wala hakuna aliyesema kwamba Hapana isiyo na maelezo si kura. Jambo tulilolikubali kwa kiti kikubwa kuliko vyote nchini haliwezi kuwa uhuni linapohusu mchango wa ulinzi. Tena hata programu zenyewe hazifanani: Telegram humwachia anayeanzisha kura achague iwe ya siri au ya wazi, kwa hiyo hatuwezi kusingizia teknolojia.

Jambo linalopaswa kutusumbua zaidi ni uzito tunaoipa hesabu ya kura. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha jaribio la Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor, ambao katika tovuti moja ya habari waliyapa baadhi ya maoni ya wasomaji kura moja ya mwanzo ya kubuni. Maoni yaliyoanzishwa kwa kura ya kuunga mkono yaliishia na alama zilizozidi kwa wastani wa asilimia 25, wakati kura ya kubuni ya kupinga ilisawazishwa na wasomaji waliofuata. Kwa maneno mengine, umati ulijua kumtetea aliyeonewa, lakini haukujua kumshusha aliyepambwa. Mwenyekiti wa mtaa akiandika jambo na wajumbe wake watatu wakaweka dole gumba ndani ya dakika moja, kila anayekuja baadaye anasoma madole kabla ya kusoma hoja. Ajabu ni kwamba hakuna anayedai madole hayo yatolewe maelezo!

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 kuhusu wachangiaji wa tovuti nne za habari ulionyesha kwamba mtu anayepigiwa kura nyingi za kupinga hanyamazi wala hajirekebishi. Hurudi akiandika zaidi, kwa ubora wa chini zaidi, na yeye mwenyewe huanza kuwapinga wengine. Kwangu hiyo ni sababu ya kuhimiza watu wakosoe kwa maandishi, wakiitaja kauli wanayoikataa na kinachoipunguza nguvu, badala ya kumsaka aliyebonyeza. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu za kompyuta, imetafuta njia ya kati: anayeshusha jibu la mwenzake hupoteza alama moja yeye mwenyewe, na mwenye jibu hupoteza mbili, lakini jina la aliyeshusha halitolewi. Hiyo ni gharama bila fedheha, na ninaipenda zaidi kuliko hatua ya YouTube ya Novemba 2021, iliyoficha idadi ya wasiopenda video kwa umma na kuacha ile ya wanaopenda ikisomeka.

Kufuta ujumbe ni habari nyingine kabisa. Tangu 2022 admini wa kundi la WhatsApp anaweza kuufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, na kundi zima huona jina la admini aliyefuta. Kwa nini amefuta, hawaoni. Hapo ndipo ningeweka sharti: sentensi moja ya sababu, palepale, kabla mazungumzo hayajaendelea. Admini ambaye pia ni mweka hazina asifute ujumbe unaouliza habari za fedha, hata kama umeandikwa kwa kejeli.

Ninapopata shida zaidi ni kwenye vikoba. Huko mkopo hutolewa kwa kudhaminiana, na wapo wanaosema kwamba mdhamini, ambaye fedha zake ndizo zitakazokatwa mkopaji akishindwa kulipa, ana haki ya kumjua aliyepinga mkopo huo, kwa sababu huenda aliyepinga anajua jambo ambalo wengine hawalijui. Nimeegemea kwamba anayelijua aliseme kwa mweka hazina na kura yake ibaki siri, ingawa mweka hazina naye anaweza kuwa shemeji wa mkopaji. Waliowahi kuendesha kikoba kwa njia yoyote kati ya hizo mbili ndio ninaoomba wafungue uchangiaji.