Toleo la majaribio la barua pepe linakula rasimu, halafu tunaombwa tusifie rangi

Wakuu,

Uzi huu si wa kulalamikia rangi. Rangi mpya, kona za mviringo na nafasi nyeupe iliyomwagwa kila mahali tutazizoea. Kinachokera ni kwamba sura mpya ya huduma hii ya barua pepe, inayoitwa "ya majaribio", imeunganishwa moja kwa moja na sanduku halisi lenye barua halisi, kisha fomu ya maoni inauliza kama tumependa mwonekano, nyota 1 hadi 5. Pa kuandika kwamba barua imepotea hapapo.

Nianze na rasimu, maana msiba uko huko.

Anayetaka kuiona hitilafu kwa macho yake afanye hivi. Fungua Chrome, bonyeza F12, nenda kwenye kichupo cha mtandao na uchague kasi ya 3G. Fungua barua mpya. Andika sentensi, nyamaza, andika nyingine, nyamaza tena, mara tano au sita hivi, mpaka neno "Imehifadhiwa" litokee chini. Sasa pakia ukurasa upya. Rudia mara kadhaa, maana haitokei kila mara. Ikitokea, sentensi ya mwisho haipo, na "Imehifadhiwa" imeshakudanganya.

Sababu yake inaonekana palepale kwenye orodha ya maombi. Kila unaponyamaza, programu inatuma ombi la kuhifadhi bila kusubiri lililotangulia lijibiwe. Mtandao ukisuasua, ombi la tatu linafika kwenye seva kabla ya la pili. La pili linakuja nyuma na kulifunika. Seva haina habari kwamba imepokea maandishi ya zamani kwa sababu hakuna kitu kwenye ombi kinachoiambia. Vichupo viwili vikifunguliwa kwenye rasimu moja ni yaleyale: kile kilichokuwa kimelala, ukikirudia na kugusa herufi moja, kinahifadhi nakala yake ya zamani juu ya mpya. Dawa yake si ngumu wala si ngeni. Kila rasimu ipewe namba ya toleo, na seva ikatae toleo lililopitwa. HTTP yenyewe, yaani lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, ina If-Match inayobeba alama ya toleo kwa kazi hiyo, na alama zisipolingana seva inajibu 412, yaani inakataa. Hapo mtumiaji aonyeshwe nakala zote mbili achague.

Wanaotumia Thunderbird au programu nyingine ya barua kwa IMAP, njia ya kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva, wanaona upande wa pili wa tatizo hilo. Katika IMAP barua iliyokwisha kuwekwa haihaririwi. Kila ukihifadhi rasimu, nakala mpya inawekwa na ya zamani inatakiwa itiwe alama ya kufutwa kisha iondolewe. Sura mpya inaweka, haiondoi. Ndiyo maana folda ya Rasimu ina nakala kumi za barua moja, kila moja ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Nani azifute kwa mkono?

Jambo la pili ni mazungumzo. Sura mpya inakusanya barua kwa kuangalia mada peke yake. Barua nne zenye mada "Ankara" kutoka kwa watu wanne wasiojuana zimerundikwa pamoja kama mazungumzo mamoja. Kwa kawaida barua pepe ina Message-ID, yaani alama yake ya utambulisho, na jibu hubeba In-Reply-To na References zinazosema linajibu ipi. Fungua chanzo cha barua utaziona, zimo. Mada ni ya kukisia pale alama hizo zinapokosekana, tena kwa tahadhari. Na hili si suala la mpangilio tu: sehemu ya kujibu iko chini kabisa ya rundo, na inachukua wapokeaji wa barua ya mwisho. Unadhani unamjibu wa kwanza, jibu linamwendea wa nne. Ukibonyeza Futa, rundo zima linakwenda kwenye Tupio.

Tena kitufe kikubwa sasa ni "Jibu wote". "Jibu" ya kawaida imefichwa nyuma ya nukta tatu. Aliyeamua hivyo sijui aliwaza nini.

Viambatisho. Hapa kuna uzembe wa hesabu. Faili ndani ya barua pepe husafirishwa kwa base64, njia ya kuligeuza kuwa herufi tupu, yaani kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, ongezeko la theluthi moja, na juu yake kuna alama za mwisho wa mstari. Kwa hiyo seva yenye kikomo cha MB 25 kwa barua nzima haiwezi kubeba faili linalozidi takriban MB 18. Sura mpya inapima faili kabla halijageuzwa. Inakubali la MB 22, inalipakia lote mpaka asilimia 100, kisha ukibonyeza Tuma inajibu "Hitilafu imetokea. Jaribu tena." Unajaribu tena, data inaliwa tena. Mwenye mtandao wa kulipia kwa kipimo anaadhibiwa mara mbili kwa kosa la kuzidisha kwa nne na kugawa kwa tatu. Ukaguzi ufanyike mtu anapochagua faili, na ujumbe utaje kikomo chenyewe.

Orodha ya kikasha haina kurasa tena. Unateremka tu bila mwisho. Barua zisizoonekana kwenye skrini zinaondolewa kwenye ukurasa ili kivinjari kisilemewe, jambo linaloeleweka, ila Ctrl+F, utafutaji wa kivinjari ndani ya ukurasa, sasa inatafuta ndani ya zile chache zilizopo mbele yako. "Chagua zote" nayo inachagua zilizokwisha kupakiwa tu, huku maandishi yakisema zote. Kwa anayesafisha sanduku hiyo ni kero. Kwa anayehamisha barua za kazi kwenda folda nyingine kabla ya kufunga akaunti ni hatari.

Picha za nje. Waliokuwa wamezizuia waende kwenye mipangilio sasa hivi: katika kuhamia sura mpya chaguo hilo limerudi kwenye "onyesha daima", bila taarifa. Picha ya pikseli 1 kwa 1 inatosha kumjulisha mtumaji kwamba barua imefunguliwa na saa ngapi, na picha zisipopitishwa kwenye seva ya kati, anapata na anwani yako ya IP, namba inayotambulisha mtandao wako. Kubadilisha chaguo la faragha la mtu kimyakimya si hitilafu ya mwonekano.

Wasioona vizuri nao wamesahauliwa. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hayafiki uwiano wa 4.5 kwa 1 unaotakiwa na WCAG, mwongozo wa kurahisishia wenye ulemavu matumizi ya wavuti, kwa maandishi ya kawaida. Chombo cha kuchukulia rangi kwenye F12 hiyohiyo kinakuonyesha. Vitufe vimebaki alama tupu bila jina, hivyo NVDA, programu inayowasomea wasioona skrini, inasoma "kitufe, kitufe, kitufe" mstari mzima.

NYONGEZA: Kwa wanaojibu kwamba "ni majaribio tu, vumilieni". Gmail ilibeba neno beta tangu Aprili 2004 hadi Julai 2009, na watu waliendesha shughuli zao zote humo. Neno hilo halimlindi mtu barua yake ikipotea. Majaribio yangefanyika kwenye nakala ya sanduku, au angalau kwa ruhusa ya kusoma tu mpaka kuhifadhi na kufuta kuaminike.

Tena kitufe cha "Rudi sura ya zamani" kinaandika chaguo lako kwenye kuki, faili dogo la kumbukumbu ndani ya kivinjari, si kwenye akaunti. Ukifuta kuki, au ukiingia kwa kifaa kingine, uko kwenye sura mpya tena.

Anayeendelea kujaribu achukue nakala kwanza. Unganisha Thunderbird kwa IMAP, bandari 993, halafu nakili barua kwenda folda za ndani ya kompyuta. Kusawazisha peke yake hakutoshi, kwa kuwa kikifutwa kwenye seva kinafutika na kwako. Rasimu ndefu ziandikwe kwenye programu nyingine, zibandikwe wakati wa kutuma.

Ripoti iwe na toleo la kivinjari, saa pamoja na ukanda wa saa, Message-ID ya barua husika, ulichotarajia na kilichotokea. Wakikuomba faili la HAR, yaani rekodi ya maombi yote ya kivinjari, kumbuka linaweza kuwa na kuki za kuingilia na maneno ya barua zako. Usilibandike hapa uzini, na ukishawatumia toka kwenye akaunti kila kifaa.

Wakitangaza marekebisho, msipime hapohapo. Programu imejihifadhi ndani ya kivinjari, na toleo jipya linasubiri vichupo vyote vya huduma vifungwe ndipo lishike kazi. Kupakia ukurasa upya hakusaidii. Fungeni vyote, mfungue kimoja, mrudie jaribio la rasimu kwa 3G, kisha mlete majibu hapa.